Nani anabaki na mtoto?

Mabasi ya alfajiri yanayotoka stendi ya Igumbilo, Iringa, kwenda Dar es Salaam hayakosi abiria wa aina moja: binti wa miaka kumi na minane, ishirini, mwenye begi moja la nguo na namba ya simu ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Anakwenda kulea. Miaka nenda miaka rudi, mama wa Dar es Salaam akitafuta dada wa kazi huanza kwa kuulizia nani ana ndugu Iringa. Sifa zao zinajulikana mpaka zimechosha: wapole, wachapakazi, hawana makuu. Ni sifa zinazompendeza mwajiri. Sijaona zikimsaidia mwajiriwa kudai nyongeza.

Kisheria binti huyu ana kima chake. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka Sh60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na Sh120,000 kwa anayerudi kwake jioni. Chama chake kipo, CHODAWU, kinachowachanganya wafanyakazi wa majumbani na wa mahotelini. Lakini mikataba mingi ya kazi hii hufungwa kwa simu, mama mmoja akizungumza na mama mwingine, na binti mwenyewe amekaa pembeni anasikiliza bei yake.

Jambo lisilosemwa kwenye simu hiyo ni kwamba baadhi ya mabinti hawa nao ni wazazi. Mtoto ameachishwa ziwa kabla ya wakati, amebaki Kilolo au Mufindi kwa bibi. Mama yake amekwenda mjini kulea mtoto wa mwenzake ili apate cha kumtumia bibi anayemlea wa kwake. Na yule mama wa mjini, karani au nesi au mwenye duka la vipodozi, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi kuwahi daladala kwa sababu kuna mtu amebaki na mtoto. Ukitaka kujua Tanzania inawasaidiaje wazazi wafanye kazi, usianzie wizarani. Anzia kwenye kiti cha basi hili. Ruzuku kubwa kuliko zote inatolewa na msichana wa Nyanda za Juu Kusini kwa kima cha chini na chakula, na wapo wanaopewa pungufu ya hapo.

Sasa turudi kijijini kwa bibi.

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina historia yake ya ulezi, na si historia nyepesi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa mwaka 2022/23 uliikuta nchi nzima ikiwa na maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Hiyo ndiyo mikoa mitatu ya juu, na imekaa hapo juu kwa muda mrefu. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, na hata miaka kadhaa baada ya hapo, vijiji vingi vya ukanda huu vilizika watu wa umri wa kuzaa na kuzalisha. Zikabaki kaya ambazo hazina mtu wa katikati: juu bibi, chini wajukuu. Leo dawa zipo na watu wanaishi, lakini mazoea ya bibi kuwa mzazi wa pili wa kila mtoto hayajaondoka. Sababu tu ndiyo imebadilika. Zamani mama alifariki. Siku hizi yuko Dar es Salaam, au Makambako anauza chipsi, au ameolewa kwingine na mume mpya hataki mtoto wa kambo.

Bibi huyo, kama jina lake lilipita kwenye mkutano wa kijiji, ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini ukaingia mwaka 2012. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020. Fedha hutoka kila baada ya miezi miwili, na wapokeaji wengi ni wanawake. Siku ya malipo utamwona mwezeshaji na daftari lake, na msururu wa kanga na masweta, kwa sababu Mufindi mwezi wa saba hakuna anayetoka bila sweta. "Kamwene bibi, shikamoo." "Marahaba mwanangu, kamwene." Kisha kidole kwenye wino, au siku hizi ujumbe kwenye simu ambayo mara nyingi bibi humpa mjukuu amsomee.

Tupige hesabu ya awamu ya kwanza, maana viwango vyake vilikuwa wazi. Kaya ilipata Sh10,000 za msingi kwa mwezi. Ikiwa na mtoto yeyote wa chini ya miaka 18, iliongezwa Sh4,000. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayepelekwa kliniki, Sh4,000. Kila mwanafunzi wa msingi Sh2,000, wa sekondari ya chini Sh4,000, wa kidato cha tano na sita Sh6,000. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa Sh38,000. Bibi mwenye wajukuu watatu, mmoja mchanga, mmoja darasa la nne, mmoja kidato cha kwanza, alipata Sh24,000 kwa mwezi, yaani Sh48,000 siku ya malipo. Si fedha za kuchekwa. Kwa Sh48,000 kijijini unanunua sare na madaftari, au kuku wa kuanzia, au mbolea kidogo ya kutia kwenye robo eka ya mahindi. Nimewasikia wasomi wa mjini wakiziita fedha za sabuni. Nadhani hawajawahi kukaa miezi miwili bila sabuni.

Ila fedha hizi zina masharti, na masharti yanataka muda. Mtoto mdogo lazima afike kliniki. Mwanafunzi lazima ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo. Na palipokuwa na ajira za muda, kaya yenye mtu mwenye nguvu ilitakiwa kumtoa kwenda kuchimba bwawa, kuotesha miche au kulima barabara ya kijiji: siku 60 kwa mwaka, Sh2,300 kwa siku katika awamu ile ya kwanza. Jumla Sh138,000. Kila sharti ukilitazama peke yake ni zuri. Ukiyapanga yote kwenye siku moja ya mwanamke mmoja, unaona tatizo. Asubuhi anatakiwa bwawani, siku ya kliniki anatakiwa zahanati umbali wa saa moja na nusu kwa miguu, mahindi yanataka palizi, na kuna mtoto wa miezi kumi mgongoni. Mpango unamlipa kwa mtoto kufika kliniki, unamlipa kwa yeye kufika bwawani. Hapo katikati, mtoto anashikwa na nani? Kwenye fomu hakuna mstari wa jibu hilo. Kwenye maisha jibu lipo: anashikwa na dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo hakuhudhuria shule. Ndipo asilimia 80 inapoanza kuvuja.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanajua aibu moja ambayo hairuhusu mtu kuegemea kwenye umaskini wa chakula. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Inayofuata ni Njombe. Mikoa hii ndiyo inayojaza maghala: mahindi, viazi, maharage, ndizi za Rungwe, mpunga wa Kyela na Mbarali, maziwa, parachichi za kusafirisha nje. Chakula kipo hadi kinaoza barabarani mwezi wa viazi. Watoto wamedumaa.

Maelezo hutolewa mengi, na ulanzi, pombe ya mianzi, haukosi kutajwa. Wataalamu wa lishe wanataja mlo wa aina moja, uji mwepesi wa mahindi matupu, kunyonyesha kunakokatizwa, maradhi ya kuhara. Lakini wakishamaliza kutaja hayo wanataja na mzigo wa kazi wa mama, na hapo ndipo mimi ningeanzia. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo. Anatakiwa kulishwa kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na mtu mwenye subira. Mama anayetoka nyumbani gizani kwenda shamba la bondeni na kurudi jioni na kuni kichwani hawezi kuwa mtu huyo. Anapika uji asubuhi, anauacha kwenye chupa au sufuria, na mwenye miaka minane anaambiwa "mpe mdogo wako akilia." Akilia. Si saa nne, si saa saba. Mafunzo ya lishe kwa mama huyu ni sawa na kumfundisha kuendesha gari asilokuwa nalo: anajua yote, hana muda wa kuyatenda.

Kwenye chai hali hii inaonekana kwa kilo. Mufindi na Rungwe ni kati ya nyumba za chai ya nyanda hizi, na mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani aliyoyapeleka mzanini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Ni kifungu kizuri. Kwa mwalimu au karani, saa mbili hizo hazigusi mshahara. Kwa mtu anayelipwa kwa kilo, saa mbili za kunyonyesha ni saa mbili ambazo kapu halijazi. Haki ipo, ila anailipia mwenyewe kwa majani ambayo hakuyachuma.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayotoa likizo ya uzazi: siku 84 kwa malipo, siku 100 wakizaliwa pacha au zaidi. Baba anapata siku tatu. Tatu! Mwaka 2025 Bunge liliifanyia sheria marekebisho yanayowatambua wazazi wa watoto njiti, jambo ambalo wanaharakati kama Doris Mollel walilipigia kelele kwa miaka. NSSF nayo ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia muda unaotakiwa. Nesi wa kitengo cha wazazi Meta jijini Mbeya, mhasibu wa benki Miyomboni mjini Iringa, mwalimu wa sekondari Mafinga: hao wamefunikwa, angalau kwenye karatasi. Siku ya 85 ikifika, wanamtafuta dada wa kazi, na tunarudi kwenye basi la Igumbilo.

Vipi asiye na mwajiri? Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, asubuhi. Mama wa nyanya amepanga mafungu yake manne manne, tenga liko nyuma, na chini ya meza kuna boksi la katoni la sabuni lililokatwa upande mmoja na kutandikwa kitenge. Ndimo alimo mtoto. Akilala, biashara inakwenda. Akiamka anashushiwa ndizi mbivu, au anapewa biskuti, au anapokezwa kwa jirani wa vitunguu: "Nishikie kidogo, nakwenda kwa mshushaji mzigo." Jirani naye ana wa kwake mgongoni. Likizo ya uzazi ya mwanamke huyu ilikuwa wiki tatu, maana wiki ya nne mtaji ulikuwa umeliwa. Ule mwendo wa kupokezana mtoto kutoka meza hadi meza ndio kituo cha malezi cha soko, na hakijasajiliwa popote.

Kwa mwanamke kama huyo Serikali ina dirisha jingine, mikopo ya asilimia 10. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Jiji la Mbeya, Manispaa ya Iringa, Mufindi, Rungwe, wote wamekuwa wakitoa. Kisha Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha nchi nzima, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha vikundi hewa na madeni yasiyorudi, na haikurejea hadi 2024 ikiwa na utaratibu mpya. Kwa ofisi, mwaka mmoja na ushee ni kipindi cha kurekebisha kanuni. Kwa mama aliyekuwa anasubiri zamu ya kikundi chake, ni muda wa kuzaa na kuachisha ziwa.

Pengo hilo halikukaa wazi. Mikopo ya kausha damu ilikuwepo zamani, ikaongezeka nguvu. Unakopa leo, unaanza marejesho kesho, kila siku au kila wiki, na ukikwama wanakuja kubeba godoro au sufuria mtaa mzima unaona. Mikopo ya kwenye simu ikaongezea fedheha ya kisasa: ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha ya namba zako, hadi kwa mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za aina hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wanaokopa huko kwa sehemu kubwa si wacheza kamari. Wengi ni watu ambao mtoto aliugua katikati ya wiki.

Mikopo ya vikundi yenyewe, hata ile safi, inamdai mlezi kitu asichokuwa nacho. Kikundi kina siku yake ya kukutana na kina faini ya kuchelewa. Mwanamke mwenye mtoto anayeumwa mara kwa mara, au mwenye mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kuachwa, anachelewa wiki hii, anakosa wiki ijayo, na kabla robo mwaka haijaisha wenzake wamemwomba kwa heshima ajiondoe. Hawana roho mbaya. Wanamdhamini na wao wana watoto.

Hapa baba ametajwa mara moja tu, kwa siku zake tatu. Anastahili aya yake. Hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipofuta ile ya zamani, mahakama haikuweza kumwamuru baba wa mtoto wa nje ya ndoa kutoa zaidi ya Sh100 kwa mwezi. Shilingi mia moja. Leo hakuna kikomo hicho, na dawati la Ustawi wa Jamii kwenye kila halmashauri lina foleni ya kina mama wanaodai matunzo. Wapo wanaolipwa. Wengi wanapewa ahadi mbele ya ofisa, halafu baba anahamia Tunduma au Chunya kwenye machimbo, na simu haipatikani.

Yapo yaliyojaribiwa hapahapa yakafanya kazi, na ni ajabu jinsi yanavyosimuliwa kidogo. Kuanzia mwaka 2017, TASAF, TACAIDS na UNICEF walichukua vijana wa kaya za walengwa katika halmashauri nne, Mufindi na Mji wa Mafinga upande wa Iringa, Rungwe na Busokelo upande wa Mbeya, wakawaongezea kitu juu ya ruzuku ya familia. Mpango uliitwa Ujana Salama. Vijana wa miaka 14 hadi 19 walipata mafunzo ya biashara na afya ya uzazi kwa wiki kadhaa, kisha mshauri wa kuwafuatilia, kisha mtaji mdogo wa kama dola 80 kila mmoja. Vijiji 130 viligawanywa, vingine vikapata mpango na vingine vikabaki na ruzuku ya kawaida, ili tofauti ionekane. Ilionekana: wengi zaidi waliingia kwenye ufugaji na biashara ndogo, na wasichana waliokumbwa na ukatili wa kingono walipungua. Nguruwe mmoja au kuku kumi havimtoi mtu kwenye umaskini, lakini binti mwenye nguruwe wake ana sababu ya kukataa simu ya mama wa Dar es Salaam, au walau ya kujadili bei.

Mfano wa pili ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu umeligusa swali lenyewe. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa mfano uliotoka Sweden, vifundishe watu wazima ufundi na elimu ya maisha. Viko 54 nchini. Ilula wilayani Kilolo kuna kimoja, na Nzovwe jijini Mbeya kingine. Shirika la Karibu Tanzania likaja na mpango wa Elimu Haina Mwisho kwenye vyuo hivi, kwa ajili ya wasichana waliokatishwa masomo, wengi wao kwa mimba. Kumbuka kwamba hadi Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida ya Serikali. Chuoni msichana anarudia masomo ya sekondari na anajifunza fani: ushonaji, umeme, uashi, kilimo, upishi. Na anakuja na mtoto wake. Chuoni kuna kituo cha kulelea watoto, walezi wapo, watoto wanacheza na kula humohumo. Mama akitoka darasani saa nne anakwenda kunyonyesha, anarudi kwenye cherehani.

Mtu anaweza kuona hilo ni jambo dogo la kuongezea, kama choo au bomba. Mimi naona ndilo lililoufanya mpango uwepo. Toa kile kituo cha watoto, na nusu ya darasa inarudi nyumbani kesho, kwa sababu mafunzo ya bure, chakula cha bure na bweni la bure havina maana kwa mtu ambaye mikono yake miwili imeshika mtoto. Tulilijua hili zamani. Enzi za Ujamaa vijiji vilihimizwa kuwa na vituo vya kulelea watoto wakati wa kazi za shamba la pamoja, na UWT, umoja wa wanawake ulioanzishwa mwaka 1962, ilijihusisha navyo mijini na vijijini. Vilikuwa na upungufu wao, uji na mwalimu asiyelipwa vizuri, na vilikufa pamoja na mashamba ya pamoja. Desemba 2021 nchi ilizindua programu jumuishi ya malezi na makuzi ya awali, ile yenye jina refu ambalo maofisa wanalifupisha PJT-MMMAM, na ndani yake vituo vya kijamii vya kulelea watoto mchana vimetajwa tena. Kutajwa ni mwanzo. Mlezi wa kituo analipwa na nani, hapo ndipo vituo vingi vinapokwama baada ya mfadhili kuondoka.

Kuna kundi ambalo hata kituo cha kawaida hakilichukui: wenye ulemavu. Iringa mjini, Neema Crafts ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana imekuwa ikiajiri watu wenye ulemavu tangu 2003, kuanzia utengenezaji wa karatasi hadi mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na wateja wanaagiza kwa kuandika. Mbeya, Child Support Tanzania inasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wasio nao. Kila anayepokelewa sehemu kama hizo anamwachia mzazi mmoja saa kadhaa za kutafuta riziki. Kenya wamekwenda hatua moja mbele: tangu 2011 wana ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na fedha hupokelewa na mlezi, kwa kutambua kwamba kazi yake imekufa kwa ajili ya kulea. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni, iliyoanza kwa Sh20,000 na baadaye ikapandishwa hadi Sh50,000, bila kuulizwa kama ni maskini. Kagera, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa tangu 2003 likiwapa wazee fungu dogo la kila mwezi pamoja na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Kile kipengele cha nyongeza kwa kila mjukuu kingefaa kusomwa kwa sauti kwenye kikao cha madiwani Kilolo.

Lakini si lazima kusubiri pensheni ya taifa. India, kwenye sheria yao ya ajira za vijijini ya mwaka 2005, waliandika kifungu kifupi. Kwenye eneo lolote la kazi ambalo wanawake wamekuja na watoto wadogo watano au zaidi, mwanamke mmoja kati yao atateuliwa kuwaangalia, na atalipwa ujira uleule wa wanaochimba. Utekelezaji wao ulikuwa na matundu mengi, hilo linajulikana. Lakini kifungu kilisema wazi kwamba anayebaki na watoto yuko kazini.

Miradi ya ajira za muda ya TASAF huibuliwa na kijiji chenyewe kwenye mkutano wake. Kijiji ndicho kinachosema tunataka bwawa, au kitalu cha miti, au kuziba korongo. Mkutano huohuo unaweza kusema tunataka na kivuli cha turubai, ndoo ya maji safi, sufuria ya uji, na wanawake wawili kati ya walengwa, hasa bibi ambaye mgongo haumruhusu tena kushika jembe, wabaki na watoto. Kwa viwango vya awamu ya kwanza, bibi mmoja kwa siku 60 ni zile Sh138,000, ambazo mpango ungemlipa mtu yeyote mwenye nguvu za kutosha kuchimba. Kinachotakiwa ni jina lake kuandikwa kwenye daftari lilelile la mahudhurio, na kwenye safu ya aina ya kazi mwezeshaji ajaze: kulea watoto.